Mizani Nane Kivukoni

Kila asubuhi, feri inapoachana na upande wa kisiwani, dole gumba la mkono wangu wa kulia huanza kazi. Hugusa kidole cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, kisha hurudia: shahada, kati, pete, mwisho. Hizo ni mizani nane, nusu ya mshororo. Mkono wa kushoto umekamata mkoba wa madaftari ya wanafunzi, na mtu akiniona midomo inacheza atadhani navuta uradi. Saa hizo umati wote hutoka Likoni kuingia mjini, nami naenda kinyume chao, kwa hivyo hupata mahali pa kusimama ukingoni pasipo kusukumwa. Mkondo wa bahari pale ni mwembamba. Ukitoa muda wa kungojea, kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Dakika hizo zatosha kipande kimoja, na siku ya baraka zatosha mshororo mzima.

Naishi Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka 9 na wa kiume ana 4. Nasomesha Kiswahili ng'ambo, na Jumamosi nageuka mwanafunzi, kwani natafuta shahada ya uzamili katika elimu na tasnifu yangu imefika sura ya tatu. Katikati ya hayo natunga mashairi. Wenzangu shuleni huniuliza wakati wa kuandika naupata wapi, na jibu la kweli ni kwamba siandiki. Natunga. Kutunga na kuandika ni kazi mbili, na watu wa mji huu walizitenganisha zamani.

Lifikirie neno lenyewe. Mabinti wa Mji wa Kale hutunga asumini jioni, ua moja baada ya jingine kwenye uzi, wakizungumza, wakimbembeleza mtoto, wakiangalia chungu jikoni. Uzi hauharibiki ukiwekwa chini. Ukirudi unaendelea pale ulipokomea. Shanga nazo hutungwa hivyo hivyo. Mimba nayo hutungwa, ikakua tumboni mwa mtu anayefanya kazi zake zote za kila siku. Lugha iliyolipa shairi kitenzi kimoja na maua na mimba ilijua inasema nini. Kuandika kwataka meza, taa na kimya. Kutunga kwataka uzi tu, na uzi wa shairi ni mizani na vina.

Virginia Woolf aliandika mwaka 1929 kwamba mwanamke anayetaka kuandika hadithi anahitaji pauni 500 kwa mwaka na chumba chake mwenyewe. Sibishani naye; kwa riwaya naona alisema kweli tupu. Toni Morrison, aliyekuwa akilea wavulana wawili peke yake na kufanya kazi ya uhariri, aliandika riwaya yake ya kwanza kwa kuamka kabla ya alfajiri, maana riwaya haikubali kubebwa mkobani. Lakini nyumba ya Kibokoni ina watu wanane na chumba cha peke yako hakipo, na wala hakikuwepo zama za mshairi Muyaka. Chombo cha utunzi kilichotengenezwa hapa kilitengenezwa na watu waliolijua hilo.

Muyaka bin Haji aliishi Mvita, ndiyo Mombasa, kuanzia mnamo 1776 hadi mnamo 1840, zama za magavana Wamazrui. Ndiye anayesifiwa kwa kulitoa shairi kwenye mambo ya dini na kulileta sokoni na barazani, akatunga juu ya vita, siasa, mapenzi na mambo ya nyumbani. Alipofariki hakuacha kitabu. Katika miaka ya 1880 mmishonari William Taylor alianza kuzikusanya tungo zake kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na wakati huo zilikuwa zingali hai vinywani mwa watu, miongo minne baada ya mwenyewe kuzikwa. Diwani ya Muyaka iliyohaririwa na William Hichens ilipigwa chapa Johannesburg mwaka 1940. Hesabu mwenyewe: miaka 100 kutoka kaburini hadi kitabuni. Mzigo uliobebwa vichwani muda wote huo, na watu waliokuwa na mashua za kusukuma na watoto wa kulisha, ulikuwa umefungwa kwa kamba nzuri sana.

Nataka kuionyesha kamba hiyo inavyosukwa, na njia niijuayo ni kueleza ubeti mmoja wangu. Sidai kwamba ni mzuri kupita beti za wengine. Ni kwamba najua kila fundo lake lilifungwa wapi.

Usiku mmoja nilikuwa nimekaa na kompyuta kitandani, watoto wamelala, au ndivyo nilivyodhani. Binti yangu akainua kichwa akaniuliza, “Mama, waandika nini?” Nilikuwa kwenye tasnifu. Sikumjibu vizuri, nilimwambia alale. Swali likanisumbua, na asubuhi yake kivukoni dole gumba lilianza lenyewe. Jaribio la kwanza lilikuwa “mwanangu aliniuliza”. Nikahesabu: mwa, na, ngu, a, li, ni, u, li, za. Tisa. Dole gumba lilirudi kwenye kidole cha shahada mara ya tatu, pahala ambapo halina ruhusa. Nikajaribu “mwana alinena jana”. Nane kamili, na silabi ya mwisho ni “na”, kina kilicho na jamaa wengi. Nikashuka Likoni na nusu ya mshororo.

Jioni yake nikatafuta utao, nusu ya pili ya mshororo. Maneno ya mtoto yalikuwa yapo tayari: “waandika nini mamangu”. Tisa tena. Hapo ndipo inkisari inapokuja kuokoa: meza “a” moja, sema “wandika”, zimekuwa nane. Wanafunzi wangu hudhani inkisari ni ruhusa ya kuvunja neno. Naona ni sikio zaidi ya ruhusa, kwani mtoto wa Mvita ukimsikiza vizuri mwenyewe hasemi “waandika”. Husema “wandika”, na “a” ya pili huiacha nje ya mlango. Mizani ilinilazimisha nimsikie mwanangu kama alivyosema kweli.

Mshororo wa pili nikajibu nilichopaswa kumjibu usiku ule. Tasnifu ina ukurasa wa tabaruku, nami niliuandika kabla ya ukurasa mwingine wowote, na jina lake limo, lake na la nduguye. Kwa hivyo: “naandika lako jina”. Hapa “a” mbili zimebaki zote, kwa kuwa mama anajibu polepole na neno lina nafasi ya kujinyoosha. Kitenzi ni kile kile, katika mishororo miwili inayofuatana, mmoja kimefupishwa na mwingine kimeachwa kirefu, na sikio halilalamiki. “Jina lako” ingenipa kina cha “ko” na kuniharibia ukwapi, ile nusu ya kwanza. Kugeuza yakawa “lako jina” ni kuboronga sarufi kama tunavyofundisha darasani, ila ukisoma kwa sauti utasikia pia kwamba mkazo umehamia kwa mwenye jina. Utao ukaja wenyewe: “lisipotee mwanangu”.

Mshororo wa tatu ulinichukua siku sita za kazi. “Kazi ni nyingi mchana” haukuwa na taabu. Baada yake nilitaka kusema kwamba usiku ni wakati wangu, na “usiku ni wakati wangu” ni mizani tisa. Silabi moja tu imezidi! Asiyetunga hawezi kuelewa silabi moja inavyoweza kumkosesha mtu raha. Nilijaribu “saa yangu”; mizani ilitimia na maana ikafifia, kwa kuwa saa ni kitu chochote. Nilivuka feri mara kumi na mbili na kipande hicho mdomoni kama kokwa ya embe. Siku ya saba, ilikuwa Jumatatu, mwalimu mwenzangu alifungua mlango wa chumba cha walimu na kuuliza, “Nani wa zamu leo?” Nikasema, “Ni zamu yangu.” Nikanyamaza. U, si, ku, ni, za, mu, ya, ngu. Neno nililolitafuta majini wiki nzima lilikuwa limebandikwa ukutani kwenye ratiba, na mimi nalitumia kila muhula. Na lilikuwa zuri kuliko “wakati”, maana zamu ni wajibu: mama hapewi usiku apumzike, anaulinda.

Tangu siku ile sioni tena kazi kama adui wa utunzi. Kazi ndiyo ghala.

Kituo, yaani mshororo wa mwisho, kilikuja nikichota maji, na kilikuja kikiwa na kosa. “Hata halijaandikwa”: mizani ni nane, lakini nimeshatumia kuandika mara mbili juu, na mara ya tatu ni ulegevu. Nikakiweka. Siku mbili baadaye nikalipata “wino” na ubeti ukafunga:

Mwana alinena jana, wandika nini mamangu,
Naandika lako jina, lisipotee mwanangu,
Kazi ni nyingi mchana, usiku ni zamu yangu,
Hata halijawa wino, hulibeba moyo wangu.

Wiki tatu, mishororo minne. Katika wiki hizo tatu nilisahihisha mitihani, nikampeleka mdogo kuchanjwa, nikapeleka sura ya pili kwa msimamizi ikarudi na maswali. Hakuna hata dakika moja niliyoiba kwa lolote kati ya hayo.

Kwa kawaida ubeti ukifunga humpelekea fundi mmoja wa kanzu, mtu mzima, karakana yake ni mlango mmoja tu hapa mtaani. Simtaji jina kwa kuwa hapendi. Yeye ametunga tangu ujana na hajachapisha kitu. Humsomea akiwa anashona, na nimejifunza kutazama miguu yake. Cherehani yake ni ya kupiga kwa mguu. Mizani ikizidi, mguu husita. Siku niliyomsomea ubeti huo, mguu haukusita hata mara moja. Alipofika mwisho wa pindo akakata uzi kwa meno, akasema, “Mizani haina neno, mwanangu. Lakini vina vya ‘ngu’ hata mtoto wa chuo avipata.”

Nikamwambia, “Kweli, Ami.”

Na ni kweli. Kila kilicho changu huishia na “ngu”. Kina kama hicho hakimwongezei mshairi elimu. Fundi wa kweli huenda akatafuta “twa” au “nde” au “mbwe”, na mtunzi wa Mvita ana ghala mbili za kuchagulia, Kiswahili sanifu na Kimvita. Anayesema “kichwa” ana kina cha “chwa”. Akisema “kitwa” amefungua mlango mwingine kabisa. “Macho” yataka “kicho”. “Mato” yaweza kukaa na “moto”, “pato” na “uzito”. Barabara ninayoipita kwenda kazini bado yaitwa Ndia Kuu, na kila nikiiona ile “ndia” kwenye kibao hukumbuka kwamba nina neno la pili la njia, na kwamba nimelitumia mara chache mno. Niliuacha ubeti na “ngu” zake kwa sababu moja: “mamangu” ni neno la mtoto, silikunji. Ami hakubishana. Aliingiza uzi mwingine.

Naomba nisieleweke kwamba kubeba kichwani hakuna hasara. Mwaka juzi mwanangu wa kiume alishikwa na homa kali tukalala hospitalini siku mbili. Usiku wa kwanza, nimekaa kwenye benchi la ukumbini, nilitunga ubeti mzima juu ya watu wanaongoja pamoja na hawajuani. Ulikuwa mzuri, nilijua hata wakati ule. Usiku huo huo nikafikiria pia namna ya kuipanga upya sura ya kwanza ya tasnifu, aya baada ya aya. Homa ikashuka alfajiri, nikalia kidogo, tukarudi nyumbani, na vyote viwili vilikuwa vimetoweka. Siku nne baadaye nikikaanga viazi vya karai, mshororo wa kwanza ukarudi. Kina chake kikauvuta wa pili. Wa tatu ulirudi nusu, ukiwa umeacha pengo la mizani nane ambalo nalijua umbo lake mpaka leo bila kuyajua maneno yake. Aya za tasnifu hazikurudi hata neno. Sijasoma popote ushahidi ulionitosha kuliko huo juu ya kazi ya kina na mizani. Nathari ilimwagika kama maji. Shairi lilivunjika kama chungu, na vigae vya chungu huokotwa.

Baada ya hapo nilijiwekea sharti: siongezi mshororo mpya kabla ya kuukariri ubeti tangu mwanzo, kwa sauti, na kwa mahadhi. Ni la mahadhi hilo lililonifungua macho juu ya Ahmad Nassir Juma Bhalo. Malenga wa Mvita, diwani yake iliyotoka 1971, nimeisoma darasani miaka mingi, na siku zote nilishangaa jinsi mishororo yake inavyoteleza. Yeye alikuwa mchoraji pia, mtu wa rangi na burashi, na tungo zake ziliimbwa na Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab aliyefariki 2014. Mtu anayejua kwamba kesho shairi lake litaingia kooni mwa mwimbaji hawezi kuacha silabi imekaa vibaya. Sasa naziimba zangu nikiosha vyombo. Palipo na kasoro sauti hukwaruza.

Abdilatif Abdalla, nduguye Ahmad Nassir, alikuwa kijana wa miaka 22 alipofungwa mwaka 1969 kwa sababu ya karatasi iliyouliza Kenya yaelekea wapi. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika kwenye karatasi za choo, kwa siri, na kitabu kikatoka 1973. Sina haki ya kuifananisha dhiki yangu na yake. Namtaja kwa sababu ya ufundi. Fungua kitabu hicho utafute mshororo ulioharakishwa, unaolegea kwa kuwa karatasi ilikuwa duni na mlinzi alikuwa karibu. Mimi sikuuona.

Mhariri wa Malenga wa Mvita alikuwa Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu. Huyu ndiye ninayemfikiria zaidi Jumapili usiku, nikiwa na rundo la insha upande mmoja na makala za uzamili upande wa pili. Alifundisha, akalea, akakusanya tungo za wengine, akafariki 1976 akiwa na miaka 42 hivi. Historia ya Kiswahili, aliyoiandika pamoja na Mathias Mnyampala, ilitoka 1977, na Malenga wa Karne Moja mwaka 1987, yeye hayupo kuviona. Kitabu cha maisha yake kiliandikwa na binti yake, Latifa. Nimejiuliza mara nyingi binti huyo alikuwa akisikia nini nyumbani jioni, baba anapokariri kitu mara ya tatu na ya nne ili asikie kama kimekaa sawa. Na Mwana Kupona wa Pate, mnamo 1858, mgonjwa, mjane, alipotaka kumwachia mwanawe Mwana Hashima maneno ambayo hayatapotea, alichagua utenzi, vipande vya mizani nane, beti kama 100. Angeweza kumwita akamnasihi tu. Alijua mtoto ataweza kubeba nini.

Hilo la mwisho nimeliona kwangu. Binti yangu akitoka chuoni alasiri huwa na sura mpya ya Kurani ya kuhifadhi, na akili yake ina kucha ambazo yangu haina tena. Tangu mwaka uliopita usiku humwambia nilichopata siku hiyo, mshororo au kipande tu, mara mbili, kisha nazima taa. Asubuhi akivaa soksi hunirudishia. Mara mbili ameshanisahihisha: nimeongeza “na” isiyokuwepo, akasema, “Mama, hiyo tisa,” huku ameinua vidole. Sikumfundisha kuhesabu kwa dole gumba. Ameniona tu.

Ule ubeti wa wino ameuhifadhi, na juzi alimsomea nduguye, ambaye hakuelewa ila “mamangu”. Kisha akanigeukia akauliza wa pili uko wapi. Nikamwambia ukweli. Wa pili una kipande kimoja, kesho nina zamu, na feri yangu ni ya saa kumi na mbili na nusu.